Sabuni ya Huduma: Chombo au Chambo?



Katika kikao cha mwisho cha kikundi chetu cha huduma niliombwa, kwa kuwa mimi ni katibu, niandike neno katika gazeti letu dogo juu ya jambo lililotusumbua mwaka mzima: kwa nini watu wanajiunga na kikundi, kisha wanaondoka? Niliposhika kalamu niliona kwamba nyuma ya swali hilo kuna swali lingine lililo zito zaidi. Je, ni haki kumwomba mtu aliyepoteza nyumba, shamba na mifugo, anayeishi kwa mgao, awatumikie wenzake bure? Na kama ni haki, tumvute kwa njia gani? Na akienda zake, tuna ruhusa gani ya kumlaumu?

Nitasema kwanza yaliyotokea, ili msidhani ninahubiri kutoka mahali pa juu.

Kikundi chetu kilianza na kazi tatu tu: kuwachotea maji wazee wasio na mtoto wa kuwasaidia, kuwatafutia kuni wamama waliojifungua, na kusafisha vyoo vya upande wa chini kila Ijumaa. Shirika moja lilituunga mkono, na kila mwanachama akawa anapata mche wa sabuni kila mwezi. Watu wakajiandikisha hata daftari likajaa, nasi tukamshukuru Mungu mbele ya kanisa. Kisha mradi ukaisha, kama miradi inavyoisha. Mwezi wa kwanza bila sabuni tulipungua nusu. Mwezi wa tatu tukabaki saba, na katika hao saba wawili walikuwa wazee wa kanisa, ambao wasingeweza kutoka bila kuona haya.

Sisi tuliobaki tulifanya nini? Tulihukumu. Tulikumbuka makutano waliomfuata Bwana Yesu ng'ambo ya bahari kwa sababu walikula mikate wakashiba (Yohana 6:26), tukasema, "Tazama, hao ndio wa kwetu, walifuata sabuni." Mimi mwenyewe nilisema hivyo kwa sauti kuliko wengine. Nilijiona kama mmoja wa wale mia tatu wa Gideoni.

Ndipo likatupata jambo la yule mzee. Anaishi peke yake, macho yake hayaoni vizuri. Zamu ya kumpelekea maji ilikuwa ya vijana wawili walioacha kikundi bila kumwambia mtu. Daftari lilionyesha kwamba mzee ana watu wake, kwa hiyo hakuna aliyemwendea. Alikaa siku mbili bila maji ya kunywa, naye ni mtu asiyependa kupiga kelele. Siku ya tatu mtoto wa jirani alimkuta na homa kali, amelala chini. Tulimbeba kwenye ingobyi mpaka kituo cha afya. Kwa rehema za Mungu alipona. Lakini usiku ule sikulala. Wakati mzee ana kiu, mimi nilikuwa kwenye kikao, ninaeleza kwa maneno mazuri jinsi wengine walivyo dhaifu wa imani.

Kwa hiyo, ndugu zangu, hesabu ya wanachama si hesabu ya sifa. Nyuma ya kila jina lililofutwa kuna bidoni moja ambayo haitajazwa.

Mama aliyeacha kikundi

Baada ya hayo nilianza kuwatembelea walioondoka, mmoja mmoja. Nakiri kwamba nilikwenda na moyo wa kukaripia. Wa kwanza alikuwa mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa hodari sana katika kazi ya kuni. Nilimkuta amembeba mgongoni mtoto ambaye si wake. Mama mzazi wa mtoto alikuwa mgonjwa, naye alimlea tangu miezi miwili. Aliwapikia na watoto wengine wa nyumba hiyo.

Nilimwuliza, "Mama, mbona ulituacha?" Akanijibu kwa upole, "Mzee katibu, mimi sikuacha kusaidia watu. Niliacha vikao. Mlikuwa mnakutana saa mbili asubuhi, saa ambayo sisi tunakwenda kutafuta kibarua kwenye mashamba ya watu. Nikikosa kibarua, watoto hawali. Tena, tangu nijiandikishe, mlinihesabu kila juma, lakini hamkuniuliza kitu hata siku moja."

Mlinihesabu, lakini hamkuniuliza. Neno hilo lilinichoma. Na nilipoendelea kutembea nikaona kwamba wengi wanafanana naye. Wako waliofuata sabuni, ndiyo, sitawaficha. Lakini wengine walichoka kwa sababu kazi ileile iliangukia watu walewale. Wengine walikasirika kuona majina ya viongozi yanasomwa kanisani na ya kwao hayasomwi. Wengine walikuwa wakihuduma kimya mlangoni kwa jirani, wala hawakujua kwamba hilo nalo ni huduma.

Je, ni haki kumwomba maskini atumike?

Sasa nirudi kwenye swali la kwanza. Wako wanaosema, "Mkimbizi ni wa kusaidiwa. Kumwomba kazi ya bure ni kumwongezea mzigo." Neno hili lina ukweli ndani yake, na tusilipuuze. Kuna kazi ambayo ina mwenyewe, ina bajeti, na ina watu wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyohiyo. Mtu akimtumia mkimbizi katika kazi ya namna hiyo na kuiita kujitolea, anamnyonya. Maandiko yanasema wazi kwamba mtenda kazi anastahili ujira (Luka 10:7), na Yakobo anaonya kwamba mshahara uliozuiliwa hulia mpaka masikioni mwa Bwana (Yakobo 5:4). Kanisa lisiwe mahali pa kuubariki unyonyaji huo kwa nyimbo.

Lakini kuna kosa la upande wa pili, nalo ni baya vilevile: kumfanya mtu awe wa kupokea tu maisha yake yote. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Zamani nilidhani methali hii ni ya watu wachoyo waliochoka na wageni. Siku hizi naisoma kwa namna nyingine. Siku mbili za kwanza mgeni anapewa kiti na chakula, anaheshimiwa, lakini bado ni mtu wa nje. Siku anayopewa jembe ndiyo siku anayohesabiwa kuwa mtu wa nyumbani. Sisi tunaojua maisha ya kupanga foleni tunajua uchungu wa kukaa mwaka baada ya mwaka bila mtu yeyote kukuambia, "Ndugu, tunakuhitaji." Njaa ya tumbo ina mgao wake, hata kama ni mdogo. Njaa ya kuhitajiwa haina mgao.

Yeremia aliwaandikia watu waliohamishwa Babeli, ambao hawakuchagua mji ule, kwamba wautakie amani na kuuombea (Yeremia 29:7). Hakuwaambia wangoje mpaka warudi kwao ndipo waanze kuwa watu wa maana. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Na tuangalie ziwa letu. Wavuvi wa hapa Nyamyumba, kama wenzao wengi wa Kivu, huvua sambaza usiku kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja na nguzo ndefu, kwa kuwa mtumbwi mmoja hauwezi kuubeba wavu ule. Lakini sambaza wenyewe hawakuanzia Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo ni kitoweo cha maelfu ya nyumba, pande zote mbili za mpaka. Aliyekuja kama mgeni ndiye anayewalisha wenyeji. Tusijidharau.

Kuvuta watu: kwa nguvu, kwa chambo, au kwa kuitwa

Kuna njia tatu za kupata watu.

Njia ya kwanza ni nguvu. Wazee wetu waliotoka Zaire wanakumbuka salongo ya wakati wa Mobutu, kazi ya lazima ya kufagia na kufyeka. Mikono ilipatikana, lakini mioyo wengi waliiacha nyumbani. Hapa Rwanda kuna umuganda, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, uliowekewa sheria mwaka 2007. Hiyo ni desturi ya nchi iliyotupokea, tunaiheshimu, na faida yake tunaiona katika mifereji na barabara. Lakini umuganda ni wajibu wa mkaaji wa nchi. Kikundi cha huduma ni kitu kingine. Hakuna polisi wa kumlazimisha mtu amuoshe miguu mgonjwa, na kama angekuwepo, mgonjwa angeona tofauti.

Njia ya pili ni chambo. Hapo ndipo tulipokosea juu ya sabuni. Si kwamba sabuni ni dhambi! Mtu anayesafisha choo cha watu mia anahitaji sabuni ya kunawa. Sabuni hiyo ni chombo cha kazi, kama jembe na ndoo. Lakini sisi tuliitangaza kabla ya kazi. Tulisema, "Jiungeni, kuna sabuni," na hatukusema, "Kuna mzee asiyeona, nani atamchotea maji?" Tuligeuza chombo kuwa chambo. Na samaki aliyenaswa kwa chambo hana kosa, mwenye ndoana ndiye wa kuulizwa. Tulipowalaumu watu kwamba walikuja kwa ajili ya sabuni, tuliwalaumu kwa kuitikia mwito uleule tulioutoa.

Njia ya tatu ni kumwita mtu kwa jina lake, kwa kazi anayoiweza, kwa sababu anayoiona kwa macho yake. Nitatoa mfano kutoka mbali. Tarehe 23 Februari 1905, katika mji wa Chicago huko Marekani, mwanasheria Paul Harris alikutana na wenzake watatu wakaanzisha klabu inayojulikana leo duniani kwa jina la Rotary. Jina lilitokana na desturi yao ya kukutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, kesho kwa yule. Mwanzoni ilikuwa klabu ya kufaana wao kwa wao katika biashara. Mwaka 1906 mtu mmoja, Donald Carter, alialikwa ajiunge, akakataa. Hakuona maana ya klabu inayowafaa wanachama wake peke yao. Wenzake hawakumwita mwenye kiburi. Walimwomba aeleze kusudi ambalo yeye angeliongeza, likaandikwa kusudi la kuufaa mji wao, naye akaingia. Kazi yao ya kwanza kwa ajili ya mji, iliyoanza mwaka 1907, ilikuwa kutafuta vyoo vya umma. Ndiyo, wapendwa, vyoo! Matajiri wa Chicago walianzia palepale tulipoanzia sisi siku ya Ijumaa.

Ninajifunza mambo mawili hapo. La kwanza, anayekataa kujiunga huenda si mvivu. Huenda ameona upungufu ambao sisi tuliomo ndani hatuuoni. La pili, alibaki kwa sababu aliulizwa.

Kudumu, na kuondoka

Ziko huruma za namna mbili. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipolipuka na lava ikaingia Goma, mamia ya maelfu ya watu walivuka kuja Gisenyi. Kambi zilifunguliwa Nkamira na Mudende, lakini wengi walilala barabarani, makanisani na nyuani mwa watu. Waliofungua milango usiku ule hawakuandikishwa katika daftari lolote. Mungu awalipe. Hiyo ni huruma ya siku ya moto, na binadamu wengi wanayo. Huruma ya pili ni ya Jumanne ya kawaida, mvua inanyesha, hakuna kamera wala mgeni, na mzee yuleyule anahitaji bidoni ileile. Huruma hii haidumu kwa hisia peke yake. Inahitaji mpango.

Nehemia alijua hilo. Alipojenga ukuta aliwapanga wengi kila mtu mahali panapoelekea nyumba yake (Nehemia 3:28-30). Watu walipolalamika kwa njaa na madeni hakuwahubiria uvumilivu. Alisimamisha mambo, akawakemea waliokuwa wakiwanyonya (Nehemia 5). Yeye mwenyewe, kwa miaka 12, hakula posho ya liwali. Na kazi ilikuwa na mwisho wake: siku 52. Tazama jinsi mambo hayo yanavyofaa kwetu. Kazi iwe karibu na mlango wa mtu. Malalamiko yasikilizwe. Kiongozi asile zaidi ya wengine. Na mtu ajue lini zamu yake inakwisha, kwa maana mzigo usio na mwisho hata mwenye nguvu huutupa.

Lakini hata tukifanya yote hayo, watu wataondoka. Sisi ni watu wa njiani. Mwaka 2012 wengi waliopokelewa Nkamira walihamishiwa Kigeme. Wengine wamepelekwa Marekani na Canada. Wengine wamerudi makwao. Klabu ya watu waliotulia inaweza kusema kwamba uaminifu ni kubaki. Kwetu haiwezekani. Kanisa la Antiokia liliwatoa Paulo na Barnaba, watu wake bora, likawawekea mikono, likawaacha waende (Matendo 13:1-3). Halikusema, "Tumepungukiwa wawili."

Basi, kuondoka si dhambi. Dhambi ni kuondoka kimya, na kumwacha mzee akiwa na kiu huku daftari likisema ana watu. Huo ndio mpaka ninaouona. Anayejitolea ana uhuru wa kuweka chini mzigo, ila hana uhuru wa kuuweka juu ya kichwa cha mtu asiyejua. Na sisi tunaobaki tuna deni letu: tuwe watu ambao mtu anaweza kuwaambia "nimechoka" bila kuaibishwa. Wale vijana wawili nilikuja kuwauliza. Waliogopa kuniambia mimi. Kosa lilikuwa lao, na lilikuwa langu.

Tusisahau pia kwamba aliyeondoka anaweza kurudi. Yohana Marko aliwaacha wenzake njiani, na Paulo alikataa kabisa kumchukua tena, hata akagombana na Barnaba (Matendo 13:13, 15:37-39). Miaka baadaye, Paulo huyohuyo aliagiza Marko aletwe, maana anamfaa kwa utumishi (2 Timotheo 4:11). Kama Barnaba asingemwekea nafasi, angerudi wapi?

Tuliyokubaliana

Katika kikao tulipatana mambo machache, nayo nayaweka mbele yenu:

1. Vikao vitakuwa Jumapili baada ya ibada, ili asiwepo anayekosa kibarua kwa ajili ya huduma.

2. Kila mtu atahudumu pamoja na mwenzake, karibu na nyumba yake, kwa miezi mitatu. Zamu ikiisha atashukuriwa, kisha ataulizwa kama anaendelea. Akisema hapana, jibu letu ni asante.

3. Anayeondoka au kuhamishwa amwambie mwenzake kabla, na kumwonyesha mlango wa yule anayemhudumia.

4. Sabuni ikipatikana itakwenda kwa wanaosafisha vyoo, kama chombo cha kazi. Haitatangazwa.

5. Anayehudumiwa naye ataulizwa anaweza kutoa nini.

Jambo la tano lilitoka kwa yule mzee. Alipopata nafuu nilikwenda kumwomba msamaha. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mmenisamehesha, lakini kazi yangu iko wapi? Macho yamepungua, mikono ipo." Siku hizi anatengeneza mishikio ya ndoo na bidoni zilizokatika, na watoto wanaomletea humwachia maji. Tangu hapo hajakaa siku moja bila mtu mlangoni. Jina lake limo katika daftari, upande wa wanachama.

Tumerudi kuwa kumi na tisa. Si wengi kama wakati wa sabuni. Yule mama naye yumo, na mtoto bado yuko mgongoni.

Kwa mazungumzo katika familia: Ni nani hapa karibu ambaye tumemsaidia siku nyingi bila kumwuliza anaweza kutupa nini? Na ni nani tuliyemhukumu alipoondoka, ambaye hatujamtembelea?

Bwana awabariki na kuwalinda, wanaokaa na wanaosafiri. Amina.